Kamera Mpya na Kovu la Ng'ombe

Wapiga picha wenzangu, mnaniuliza kama ile kamera mpya inafaa kununuliwa. Mmeniuliza kwenye simu, mmeniuliza sokoni, na Jumapili iliyopita mmoja wenu alinisimamisha mlangoni mwa kanisa kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Jibu langu ni hapana. Najua mnavyosema: Mama Minza kazeeka, kaachia studio, sasa anaona wivu kwa vitu ambavyo hakuvipata enzi zake. Semeni. Nimepiga picha kwa kamera iliyokuwa inavujisha mwanga mpaka nikaiziba kwa plasta ya kidonda. Na filamu zilipoanza kupotea, mtaani kwetu mimi ndiye niliyetangulia kununua kamera ya dijitali, wenzangu wakinicheka kwamba nimenunua redio isiyo na sauti. Kitu kipya hakinitishi. Ninachokataa ni kudanganywa, na hasa kudanganywa na kitu nilichokishika mwenyewe.

Nitawaeleza ilivyokuwa, halafu mkanunue au msinunue, shauri yenu.

Elisha alikuja Shinyanga siku chache tu baada ya kamera ile kutangazwa. Ni kijana wa duka moja la Mwanza, mpole, amechomekea shati, shikamoo yake haikosekani. Kamera zenyewe zilikuwa hazijaanza kuuzwa. Yeye alikuwa na moja tu ya maonyesho, anazunguka nayo kwa wapiga picha wa kanda yetu ili aandikishe watakaozitaka. Alitukusanya kwenye ukumbi wa hoteli, akamleta msichana aliyejiremba vizuri, ameshika maua, akamkalisha karibu na dirisha. Tukapokezana kamera. Kila aliyebonyeza alitoa picha ya kutundika ukutani. Zamu yangu ilipofika nilimuuliza Elisha kama ukumbini mle kulikuwa na mtu yeyote ambaye angeweza kumharibu msichana mzuri vile, kwenye mwanga mzuri vile, hata kwa kamera ya kuazima. Watu wakacheka. Elisha naye akacheka.

Minza, binti yangu, ndiye anayeendesha studio siku hizi. Kamera yake imechubuka mpini, kioo cha nyuma kina ufa, na ndiyo inayomlishia wanawe wawili. Siku ile hotelini alikuwa ameshaamua. Angemkabidhi Elisha kamera hiyo iwe sehemu ya malipo, kisha angoje mpya mpaka mzigo ufike. Nilipouliza mzigo utafika lini, nikaambiwa mwezi ujao. Katika kazi hii nimeahidiwa miezi ijayo mingi sana. Nilimwambia Minza kwamba fundi haachii chombo anachokijua akabaki mikono mitupu akingoja asichokijua. Akanijibu kwa adabu, lakini akanijibu.

"Mama, wenzangu wote wanabadilisha. Nikibaki na hii, hakuna bibi harusi atakayenipigia simu."

Hapo alikuwa na hoja. Kwa hiyo nikawapa sharti. Waniachie ile ya maonyesho kwa siku chache niijaribu kazini. Nikiikubali, Minza atoe kamera yake na mimi sitafungua mdomo tena. Elisha alikubali upesi, kwa sababu alijua nikiikubali mimi, nanyi mngenifuata.

Jambo la kwanza, kamera mnaijaribu mahali pabaya. Nyinyi mnaijaribu dukani, mnapigana picha wenyewe kwa wenyewe, mnafurahi. Mimi niliipeleka machimboni Nyarugusu. Miaka ya nyuma niliwahi kubadilisha lenzi pale nikiwa nimesimama kwenye upepo, karibu na makarasha yanayosaga mawe ya dhahabu. Lenzi ikakwama, na ilipozunguka ilitoa sauti ya mtu anayetafuna mchanga. Mchimbaji mmoja aliyekuwa ametoka duarani, kwenye shimo lao la dhahabu, aliniambia nisiitupe kamera ile, niipeleke ikasagwe, huenda ina dhahabu kuliko alichopata yeye wiki nzima. Tangu hapo huwa naivalisha kamera mfuko wa plastiki, nautoboa tundu la lenzi, naufunga kwa mpira. Bado ni dawa nzuri, na haiuzwi na duka lolote.

Nasema haki: Nyarugusu kamera mpya haikuniangusha. Vumbi halikuingia, betri ilidumu mpaka jioni, na vitufe nilivipata bila kuangalia, ingawa vidole vyangu vilikuwa na jasho. Nyuso za wachimbaji zilitoka laini, zimetulia. Nikasema moyoni, lenzi hii nzuri. Sikujiuliza imekuwaje mtu aliyeshinda ndani ya shimo atoke na ngozi ya mtoto. Miaka yote hiyo ya kazi, na sikujiuliza.

Baada ya Nyarugusu nikaipeleka zizini.

Kwa mliokulia mjini niwaeleze kidogo. Mahari ya kwetu ni ng'ombe. Wazee wa upande wa binti huenda kwanza kwenye zizi la upande wa kijana, wakachagua ng'ombe mmoja mmoja. Siku nyingine ng'ombe hao ndipo wanapoletwa. Katikati ya siku hizo mbili ndipo ugomvi unapozaliwa, maana watu wanaweza kuchagua mtamba wa maziwa wakaletewa ng'ombe mchovu wa rangi ile ile. Mzee Ngassa, mwenye studio aliyenifundisha kazi, aliona ugomvi huo mara nyingi, akaanzisha mtindo wa kumpiga picha kila ng'ombe anapochaguliwa. Siku ya kuletwa, wazee wanasimama langoni na picha mkononi. Ng'ombe anasogea, picha inatazamwa, kisha anaingia.

Alinifundisha kusimama upande wa kushoto wa ng'ombe, jua likiwa mgongoni kwangu, nikingoja mpaka asimame kwa miguu yote minne, pembe na masikio yote yakiwa ndani ya picha. Mara yangu ya kwanza nilimkuta ng'ombe ana tope ubavuni, nikachota maji nimwoshe apendeze. Mzee Ngassa alininyang'anya ndoo akaimwaga mbele ya watu.

"Hukuja hapa kumpamba," akaniambia. "Umekuja kumtolea ushahidi."

Nilikuwa msichana, na zizi zima lilikuwa la wanaume. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wiki iliyofuata nikarudi, na iliyofuata tena, mpaka wakachoka kucheka. Ikafika wakati picha ikiwa ni ya Mama Minza, haibishaniwi. Nayaeleza haya kwa majivuno, ndiyo, kwa sababu sikupewa na mtu.

Basi, Mzee Masunga, wa kijiji kimoja upande wa Mwadui, alikuwa anamwoza binti yake Milembe kwa kijana aitwaye Sayi, fundi wa magari huko Bulyanhulu. Mimi kazi nilishaiacha, lakini mzee alituma ujumbe kwamba ng'ombe wake atawapiga picha Mama Minza, la sivyo asiwapige mtu. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Siku ya kuchagua tukaenda nyumbani kwa kina Sayi, mimi na kamera mpya, Minza na kamera yake. Kila ng'ombe nilimpiga mimi, halafu akampiga yeye.

Mzee Masunga alipofika kwa mtamba mmoja mwekundu alisimama kwa muda mrefu. Alimshika kiwele, akamshika nundu, akampapasa bega. Mdogo wake, Luhende, alikuwa anamharakisha waendelee, lakini mzee hakusikia la mtu. Alisema huyu atakuwa wa mama yake Milembe. Pale ndipo nilipobonyeza, mzee akiwa ameshasogea pembeni. Minza yeye alikuwa amewahi kubonyeza kabla mzee hajaondoka, na nikamgombeza kwamba ameingiza mtu kwenye picha ya ng'ombe.

Jioni tukaziangalia studio. Jamani, ile picha yangu ya mtamba mwekundu. Manyoya yanang'aa, jicho linaona, kila kitu mahali pake. Sijawahi kupiga picha nzuri kama ile, na nilipata uchungu kidogo kwamba imekuja wakati nimeshastaafu. Za Minza zilikuwa na vumbi, mikia mingine imeyumba. Tukachapa zangu zote, tukazipanga kwenye albamu, na mimi nikamwambia binti yangu kwa mdomo wangu: "Mpe Elisha kamera yako. Umenishinda."

Siku ng'ombe walipoletwa, Elisha alikuja kutufuata hukohuko kwa Mzee Masunga. Minza akaiweka kamera yake kwenye begi la Elisha, pamoja na chaja na kadi yake ya picha, akageuka upande mwingine ili nisimwone macho. Elisha alituachia ile ya maonyesho tumalizie kazi.

Ng'ombe wakaanza kusogea langoni mmoja mmoja. Luhende ndiye aliyeshika albamu. Anaangalia picha, anaangalia ng'ombe, anatikisa kichwa kukubali, na wanawake ndani wanapiga vigelegele. Tulikwenda vizuri mpaka zamu ya mtamba mwekundu. Luhende akainua fimbo kuziba lango.

"Huyu siye."

Akanyoosha picha juu ili watu waione. Mtamba aliyesimama langoni alikuwa na kovu begani, refu kama kidole, na alama za kupe shingoni. Wa kwenye picha hakuwa na kitu, bega lake safi kabisa. Luhende akasema wao wamechagua ng'ombe mzima wakaletewa mgonjwa, na kama kina Sayi wamedanganya kwa mmoja, basi wamedanganya kwa wote, warudi nao walikotoka. Baba yake Sayi akaapa kwamba mtamba ni yuleyule, kovu alilipata kwa waya wa seng'enge akiwa ndama. Hakuna aliyemsikiliza. Mzee Masunga alitazama picha, akatazama ng'ombe, akatazama picha tena. Mkono wake mwenyewe ulikuwa umelipapasa bega lile siku ile, lakini picha ilikuwa nzuri mno, akaiamini kuliko mkono wake.

Vigelegele vilinyamaza. Milembe alitoka jikoni, akaona fimbo ya baba yake mdogo imeziba lango, akakaa chini palepale penye vumbi na nguo zake mpya. Kwetu ng'ombe wakirudishwa kwa tuhuma ya namna ile, mambo yamekwisha. Kijana ataitwa mwizi, na binti atabaki nyumbani akinyooshewa kidole.

Niliikuza picha kwenye kioo cha kamera nikaitafuta alama hata moja. Hakuna. Hata inzi hawakuwepo, na nyinyi mmewahi kuona zizi lisilo na inzi? Nikamvuta Elisha pembeni. Alipoangalia, uso ukambadilika.

"Mama, hiyo ni ile programu ya kung'arisha ngozi," akaninong'oneza. "Imewekwa kwa ajili ya maharusi. Inakuja ikiwa imeshawashwa."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mnaponibishia. Mnasema hata sisi tulikuwa tunarekebisha. Ni kweli. Nimekaa miaka kwenye chumba cha giza nikifuta chunusi za watu kwa penseli yenye ncha, juu ya negativu. Niliwahi kumfuta bibi mmoja makunyanzi yote, akaikataa picha, akasema nimempigia mdogo wake ambaye hapatani naye. Lakini nilipofuta, nilijua nimefuta. Mkono wangu ulikuwa na habari. Mteja akiniuliza, namwambia hapa na hapa nimepitisha penseli. Ile mashine ilimfuta kovu ng'ombe wa watu, ikaninyamazia, na ikaniacha nikajisifu.

Ningeweza kunyamaza. Nataka mjue kwamba nililifikiria hilo, nisije nikajifanya mtakatifu. Albamu ilikuwa upande wangu. Watu wote langoni waliiamini. Lawama ingewaangukia kina Sayi, na jina langu lingebaki palepale. Nilimtazama yule binti aliyekaa chini, nikaona aibu kwamba nimesita.

Nikaenda langoni, nikashusha fimbo ya Luhende kwa mkono wangu.

"Ng'ombe huyu ndiye mliyemchagua," nikasema. "Picha yangu ndiyo ya uongo."

Luhende akanitazama juu mpaka chini.

"Mayu," akasema taratibu, kama anayemwita mama yake, "kina Sayi wamekupa nini?"

Sijawahi kuulizwa swali lile katika maisha yangu ya kazi, na liliniuma kweli. Nilimwita Minza, lakini Minza alishaelewa, alikuwa ameshafungua begi la Elisha bila kuomba ruhusa. Akaitoa kamera yake, akairudishia kadi, akatafuta mpaka akafika. Akampita Luhende na albamu yake, akaenda kumwonyesha Mzee Masunga.

Picha ilikuwa mbaya. Nasema kama mwalimu wake: vumbi tele, mkia umeyumba, mtamba amefumba jicho, inzi kila mahali, na ufa wa kioo umepita katikati. Begani kwa ng'ombe kuna mkono wa mtu mzima, na chini ya kidole cha shahada linaonekana kovu.

Mzee Masunga aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali. Akatembea mpaka langoni, akaweka mkono wake juu ya bega la mtamba vilevile kama kwenye picha.

"Huu mkono ni wangu," akasema. Kisha akamwambia mdogo wake afungue lango.

Vigelegele vilirudi. Luhende alifunga albamu, na ng'ombe waliobaki walitazamwa kwenye kioo chenye ufa cha Minza, mmoja mmoja, mpaka wakaisha. Hakuniomba radhi, na sikuingoja.

Mambo yalipotulia nilimuuliza Elisha kama kile kitu kinaweza kuzimwa. Ni kijana mkweli, sina ugomvi naye. Akajaribu mbele yangu: kinazimika, lakini ukiizima kamera na kuiwasha, kinarudi chenyewe. Akasema watengenezaji watarekebisha, kuna apdeti inakuja mwezi ujao. Nikamwachia Minza ajibu, kwa sababu kamera iliyokuwa inatoka ni yake na watoto wanaokula ni wake. Minza alikuwa ameshaivaa kamera yake shingoni.

"Wakirekebisha nipigie, kaka," akamwambia. "Leo nina kazi ya kumalizia."

Mimi nilichukua ile ya maonyesho kabla sijamrudishia, nikaitafuta picha ya mtamba mwekundu, nikaifuta. Elisha alishika kichwa, alikuwa anataka kuitumia kuwaonyesha watu wa Geita. Nyumbani nikaifuta na kwenye kompyuta ya studio, na ile iliyochapwa nikaitoa kwenye albamu nikaichana. Tangu siku ile nimesikia mnanisema kwamba nimewaharibia ofa, kwamba duka limeacha kutuletea maonyesho kwa sababu ya bibi mmoja mkaidi. Ni mimi huyo. Mkitaka kamera, ipelekeni kwenye kovu mnalolijua, mpige, mkuze picha, mlitafute. Likiwepo, nunueni, hata kama kamera yenyewe ina sura mbaya. Lisipokuwepo, mrudishieni mwenyewe, na msione haya mbele ya wenzenu.

Milembe aliolewa. Wiki mbili baadaye Mzee Masunga alikuja mjini, akapita studio. Nilidhani ana shida na albamu. Alikaa kwenye kiti cha wateja, tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua na za mtamba, akasema anakula vizuri. Akazungusha kofia yake mapajani. Mwishowe akasubiri Minza aingie chumba cha ndani, akanisogelea.

"Mama Minza, ile picha nyingine," akasema kwa sauti ya chini. "Ile nzuri. Ninaomba uniwekee kwenye fremu, niitundike sebuleni."

Nikamwambia nimeshaifuta, na iliyochapwa nimeichana.

Alinitazama kama mtu niliyemchinjia mtamba wake bila ruhusa.

"Lakini ilikuwa nzuri," akasema.

"Ilikuwa nzuri sana, baba," nikamwambia.